Kifua kikuu kimepona, mbona kikohozi hakiishi?

JE, msomaji, una mzazi au jamaa aliyewahi kuugua kifua kikuu, akameza dawa zake zote hadi akaambiwa amepona, lakini hadi leo hawezi kukaa kanisani ibada nzima bila kutoka nje kukohoa? Je, kila msimu wa baridi au wa vumbi unapoingia wewe hupigiwa simu kuambiwa kuwa kifua kimemrudia na pesa za dawa zinahitajika?

Ikiwa jibu lako ni ndiyo, basi makala haya yanakuhusu. Huenda jamaa yako hana kifua kikuu tena. Huenda anaugua maradhi mengine ambayo kifua kikuu kiliyaacha nyuma kilipoondoka. Maradhi hayo hayaponi kabisa, lakini yanaweza kutulizwa kwa miaka mingi endapo mgonjwa na watu wake watajua la kufanya kila siku, wala si siku ya kuzidiwa pekee.

Hebu tuchukue mfano wa mzee wa miaka hamsini na mitano hivi anayeishi viungani mwa mji wa Siakago, Kaunti ya Embu. Hatumtaji jina kwa sababu si mtu mmoja. Ni mfano tu, na walio kama yeye ni wengi, Siakago na kwingineko.

Siakago haifanani na upande wa juu wa Embu unaopakana na Mlima Kenya, kule kwenye chai na kahawa. Hii ni nchi ya Mbeere, nyanda za chini zenye mvua haba na jua kali. Watu hulima mtama, uwele, ndengu, kunde na muguka, hufuga mbuzi na nyuki, na wengine huchoma makaa. Mzee wetu aliugua kifua kikuu miaka kumi iliyopita. Alitibiwa akapona. Baada ya hapo akabaki na kikohozi cha asubuhi chenye makohozi mengi, akakizoea. Lakini mara tatu au nne kwa mwaka hali hubadilika: makohozi huongezeka na kugeuka rangi, homa hupanda, pumzi hupungua, na mzee hulala kitandani wiki nzima.

Bintiye anayefanya kazi Nairobi hutuma pesa. Pesa hizo hununua chupa ya dawa ya kikohozi na vidonge vichache vya rangi mbili kutoka duka la dawa. Mzee hupata nafuu kidogo, kisha baada ya miezi mitatu mambo huwa yale yale. Mwaka mmoja alianzishiwa tena dawa za kifua kikuu bila makohozi yake kupimwa. Alizimeza miezi sita, na kikohozi hakikuondoka.

Kosa liko wapi?

UGONJWA WENYEWE

Ili kulielewa jambo hili, ni vyema tujue jinsi mapafu yanavyojisafisha. Mirija ya hewa ndani ya mapafu imegawanyika kama matawi ya mti. Ukuta wa kila mrija umefunikwa na ute mwembamba unaonasa vumbi na viini tunavyovuta pamoja na hewa. Juu ya ukuta huo pia kuna vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupepea mchana na usiku vikiusukuma ute huo kuelekea kooni. Huko tunaumeza au kuutema bila hata kutambua.

Kifua kikuu kinapoushambulia mrija, huharibu ukuta na vinyweleo vyake. Jeraha likipona huacha kovu, na kovu huvuta mrija ukapanuka na kulegea kama soksi iliyokwisha mpira. Hapo ute hauna wa kuusukuma. Hutuama.

Msomaji wa mjini atauelewa mfano huu upesi. Mtaro wa maji mtaani ukizibwa na taka, maji hutuama, yakaoza na kuzaa mbu. Ndivyo ilivyo katika mrija uliopanuka. Ute uliotuama hugeuka makohozi mazito, bakteria huzaliana humo, mwili hupigana nao, na katika vita hivyo ukuta wa mrija huumia zaidi. Mrija ukiumia zaidi, makohozi hutuama zaidi. Duara hilo halina mwisho mpaka mtu alikate.

Madaktari huuita ugonjwa huu bronkiektasisi, yaani kupanuka kwa mirija ya mapafu. Aliyeueleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1819, ni daktari wa Ufaransa aliyeitwa René Laennec, yule yule aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua ambacho kila daktari hukivaa shingoni. Laennec mwenyewe alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1826.

Kifua kikuu si chanzo pekee. Nimonia kali, surua na kifaduro utotoni huweza kuacha makovu ya aina hiyo hiyo. Virusi vya Ukimwi, kwa kudhoofisha kinga ya mwili, huongeza hatari. Hata punje ya njugu au harage iliyompalia mtoto na kukwama ndani ya mrija inaweza kuuharibu ikiachwa humo muda mrefu.

Hata hivyo, katika nchi kama yetu kifua kikuu ni chanzo kikubwa. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa katika kila watu wazima 100,000, watu 558 walikuwa na kifua kikuu. Watafiti wamekadiria kwamba kufikia mwaka 2020 kulikuwa na watu milioni 155 duniani walioishi baada ya kupona kifua kikuu. Si wote waliobaki na mapafu mabovu, lakini wengi wao wanahema kwa taabu, na mara nyingi hakuna anayewafuatilia baada ya dawa kwisha.

UNDUGU NA UGONJWA WA KURITHI

Mengi ya yale yanayojulikana leo kuhusu kuzuia mapafu ya aina hii yasizidiwe yalitokana na kuwatunza wagonjwa wa maradhi mengine yaitwayo sistiki faibrosisi. Haya ni maradhi ya kurithi. Mtoto huzaliwa nayo baada ya kupata jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ingawa wazazi wenyewe ni wazima. Ute wa mwili wake huwa mzito na wenye kunata. Huziba mirija ya mapafu, na huziba pia njia za maji yanayosaga chakula tumboni.

Daktari Dorothy Andersen wa New York aliyaeleza maradhi haya mwaka 1938. Baadaye, kufuatia joto kali lililoukumba mji huo, daktari mwenzake, Paul di Sant'Agnese, aligundua kuwa jasho la watoto hawa lina chumvi nyingi kupita kiasi. Hadi leo kipimo cha jasho ndicho kinachotumiwa kuyathibitisha. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1989.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa haya ni maradhi ya wazungu peke yao. Dhana hiyo si kweli. Ni adimu zaidi kwetu, lakini yapo, na kuna hitilafu ya jeni hiyo ambayo huonekana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Mtoto anayeugua kifua kila mara, asiyeongezeka uzani ijapokuwa anakula vizuri, mwenye choo chenye mafuta na harufu kali, na ambaye ukimbusu unahisi ladha ya chumvi kwenye ngozi, apelekwe kwa daktari wa watoto katika hospitali kubwa, na mzazi aulize waziwazi kuhusu kipimo cha jasho.

Iwe mtu alirithi ute mzito au aliachiwa makovu na kifua kikuu, hatari inayomkabili ni moja. Kila kifua kinapozidi, sehemu nyingine ya pafu huharibika, na sehemu hiyo hairudi. Ndiyo sababu shabaha ya matibabu si kungoja kifua kizidi ndipo kitibiwe. Shabaha ni kukizuia kisizidi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mambo yafuatayo ndiyo ya kuziba ufa huo.

1. HAKIKISHA NI UGONJWA GANI

Usikubali kubahatisha. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu anaweza kuugua tena, kwa hivyo kikohozi kilichozidi wiki mbili, homa, kutokwa na jasho usiku au kukonda ni mambo ya kupimwa mara moja. Lakini kupimwa ni tofauti na kuanzishiwa dawa kwa kukisia. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za umma.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni hili: mashine za kisasa zinazotafuta chembe za kiini cha kifua kikuu ndani ya makohozi zinaweza kunasa mabaki ya viini vilivyokwisha kufa kwa mtu aliyepona miaka ya karibuni. Kwa hivyo mgonjwa amwambie daktari bila kuficha kwamba aliwahi kutibiwa, ni mwaka gani, na alimaliza dawa au hakumaliza. Akiwa na kadi yake ya zamani aende nayo. Daktari akiwa na shaka ataagiza makohozi yaoteshwe katika maabara ili ijulikane kama kuna viini vilivyo hai.

Picha ya eksirei ya kifua huweza kuonyesha makovu. Picha ya CT, ambayo hupatikana katika hospitali kubwa, ndiyo inayoonyesha mirija iliyopanuka barabara. Aliyeko Siakago ataanzia hospitali ya pale, na akihitaji zaidi ataomba barua ya kumpeleka hospitali ya rufaa mjini Embu. Ni vyema pia apimwe virusi vya Ukimwi, kwani matokeo yake hubadilisha namna ya kumtunza.

2. TOA MAKOHOZI KILA SIKU

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na halina gharama. Makohozi yasipotolewa yataoza. Mgonjwa ayatoe asubuhi na jioni, hata siku anazojisikia vizuri, kama vile mtu apigavyo mswaki bila kungoja jino liume.

Namna ya kufanya ni hii. Keti wima kwenye kiti au kigoda, mabega yakiwa yamelegea. Kwanza, pumua polepole kwa utulivu kwa muda wa dakika moja hivi. Pili, vuta pumzi ndefu kupitia puani, ishikilie kwa sekunde mbili au tatu, kisha iachie taratibu; rudia mara tatu au nne. Tatu, rudi kwenye kupumua kwa utulivu. Nne, vuta pumzi ya wastani, fungua mdomo kama mtu anayetaka kuweka ukungu kwenye kioo, kisha isukume nje kwa nguvu ukisema "haaa". Fanya hivyo mara moja au mbili. Makohozi yatapanda. Yakifika kooni, kohoa na uyateme. Halafu anza tena tangu mwanzo.

Endelea hivyo kwa dakika kumi hadi ishirini, au mpaka "haaa" itoke kavu, bila mlio wa makohozi. Usikohoe mfululizo hadi kuchoka. Kukohoa ovyo huchosha mwili na hakuleti makohozi mengi. Wakati mzuri ni kabla ya kula, wala si baada ya kushiba.

Kuna wagonjwa wanaosaidiwa zaidi wakilala ubavu ili makohozi yateremke kutoka upande wenye kovu. Hilo waonyeshwe kwanza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, kwa kuwa si salama kwa kila mtu, hasa wenye maradhi ya moyo. Mgonjwa anayetema damu asifanye mazoezi haya hadi aonwe na daktari.

Wengine hupewa maji ya chumvi yaliyotayarishwa hospitalini ya kuvutwa kwa mashine ya nebulaiza ili kulainisha makohozi. Usijaribu kujitengenezea maji hayo nyumbani. Na wale ambao kifua chao hulia kama filimbi huweza kuandikiwa dawa ya kuvuta ya kupanua mirija, ambayo huitumia kabla ya kuanza zoezi.

Makohozi yatemwe kwenye kopo lenye kifuniko, kisha yamwagwe chooni, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kutema chini uani ni kuwasambazia wengine viini.

Sasa waona, msomaji, kosa la ile chupa ya dawa ya kikohozi. Dawa nyingi za namna hiyo hukusudiwa kutuliza kikohozi. Kwa mtu mwenye mirija iliyopanuka, kukohoa ndiko kunakomsafisha. Ukikizima kikohozi chake, umeuziba mtaro.

3. PUNGUZA MOSHI NA VUMBI

Ukienda nyumbani likizo, ingia jikoni. Je, ni mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020 kote duniani. Moshi huviua vile vinyweleo vichache vilivyosalia.

Mgonjwa asikae jikoni wakati wa kupika. Kuni ziwe kavu kabisa, kwani kuni mbichi hutoa moshi zaidi. Jiko liwe na dirisha au tundu la juu la kutokea moshi, na kukiwa na jua chakula kipikwe nje. Mwenye uwezo anunue jiko la gesi, hata lile dogo la mtungi mmoja. Usiku wa baridi ya Julai, jiko la makaa lisiingizwe chumba cha kulala kilichofungwa. Hewa yake ya sumu huua hata mtu mzima asiye na ugonjwa wowote.

Kisha kuna vumbi. Huko Mbeere mavuno ya mvua za vuli huwa mwanzoni mwa mwaka, na ya mvua za masika huwa mnamo Julai na Agosti. Ndipo mtama na ndengu hupigwa kwa fimbo na kupepetwa, na uwanja mzima hujaa makapi na vumbi. Mwenye kifua asiwe mpigaji wala mpepetaji. Apewe kazi nyingine ya mavuno, kama kuchambua au kushona magunia, na akae upande unakotoka upepo. Ikibidi awe karibu, afunge pua na mdomo kwa barakoa. Uwanja wa nyumba unyunyizwe maji kabla ya kufagiwa. Kazi ya kuchoma makaa haimfai kamwe.

Sigara nayo iachwe kabisa, si kupunguzwa. Kwa wanaotafuna muguka hatari iko hapa: wengi huuandamanisha na sigara moja baada ya nyingine, na mtu akashinda saa nyingi bila kula. Wanaoishi na mgonjwa nao wasivutie ndani ya nyumba.

4. CHANJO

Mara nyingi kifua huzidi baada ya mafua ya kawaida. Mtu mwenye mirija iliyopanuka anafaa kuchanjwa dhidi ya homa ya mafua kila mwaka, na amuulize daktari kuhusu chanjo ya nimonia na ile ya Korona. Kwa watu wazima, chanjo hizi huenda zikapatikana mjini kuliko kijijini na kwa malipo, kwa hivyo mzazi akija kukutembelea tumia nafasi hiyo.

Kwa watoto kinga huanza mapema. Chanjo za bure za kliniki huwakinga dhidi ya kifua kikuu kikali, kifaduro na surua, na tangu mwaka 2011 Kenya huwachanja pia dhidi ya bakteria wa nimonia. Mtoto asikose hata moja. Makovu ya mapafu ya mtu mzima mara nyingi yalianzia utotoni.

Aidha, wenye mafua wasimkaribie mgonjwa. Huko Ulaya na Marekani wagonjwa wa sistiki faibrosisi hushauriwa wasikaribiane wao kwa wao, ili mmoja asimwambukize mwenzake bakteria sugu.

5. MAJI, CHAKULA NA MWENDO

Mwili usio na maji hutengeneza makohozi mazito kama gundi. Katika jua la Siakago mgonjwa anywe maji mara kwa mara tangu asubuhi, bila kungoja kiu, isipokuwa daktari amempunguzia maji kwa sababu ya moyo au figo.

Kupambana na viini kila siku hula nguvu za mwili, na anayekonda huzidiwa upesi. Chakula chake kiwe cha kutosha na chenye kujenga mwili: ndengu, kunde, maharagwe, mayai, maziwa, mboga na matunda. Apimwe uzani kila aendapo kliniki na uandikwe.

Wengine hudhani kuwa mwenye kifua ni wa kukalishwa kitini. La. Kutembea kwa kasi anayoiweza karibu kila siku huyatikisa makohozi na kuimarisha pumzi. Akiweza kusema lakini hawezi kuimba anapotembea, kasi hiyo inamtosha.

6. TAMBUA DALILI MAPEMA

Mgonjwa aijue hali yake ya kawaida: hutoa makohozi kiasi gani, ya rangi gani, na hutembea umbali gani kabla ya kupumzika. Yaandikwe kwenye daftari. Bila kujua kawaida yako, huwezi kujua imebadilika lini.

Dalili za kifua kuzidi ni makohozi kuongezeka, kuwa mazito au kugeuka kijani au manjano iliyoiva, kikohozi kukaza, pumzi kupungua, uchovu usio wa kawaida, homa, au kutema damu. Dalili tatu au zaidi zikizidi kwa siku mbili mfululizo, asingoje ya tatu. Aende hospitali.

Damu yoyote katika makohozi ni sababu ya kumwona daktari. Ikiwa nyingi, kuanzia vijiko kadhaa, au mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, akibadilika rangi ya midomo au akichanganyikiwa, hiyo ni dharura ya saa ile ile, iwe mchana au usiku.

7. DAWA ZITUMIWE IPASAVYO

Kifua kikizidi, mara nyingi daktari huagiza viuavijasumu kwa muda wa siku 14, ambao ni mrefu kuliko ule wa maambukizi ya kawaida. Kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, mgonjwa aombe makohozi yake yachukuliwe kwa uchunguzi, ili ijulikane ni bakteria gani na ni dawa gani inayomuweza.

Vidonge vinne vya duka la dawa haviponyi ugonjwa huu. Huwafunza bakteria kuizoea dawa. Kuna hatari nyingine pia. Baadhi ya viuavijasumu, kama vile levofloksasini na siprofloksasini, hutuliza kifua kikuu kwa muda bila kukiponya. Mtu akivimeza ovyo, kifua kikuu kinaweza kujificha kisionekane kwa wakati.

Mgonjwa anayezidiwa mara tatu au zaidi kwa mwaka aonwe na bingwa wa mapafu. Kuna wanaopewa azithromaisini kidogo kidogo kwa miezi mingi ili kuzuia kuzidiwa, lakini ni baada tu ya kuhakikishwa kuwa hawana kifua kikuu wala viini vya jamii hiyo. Dawa mpya nazo zinakuja. Mnamo Agosti 2025 Marekani iliidhinisha brensokatibu, dawa ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya bronkiektasisi. Ni habari njema, lakini hata penye dawa hiyo mgonjwa bado hulazimika kutoa makohozi yake kila siku.

WEWE ULIYE MJINI UFANYE NINI?

Turudi kwa mzee wetu wa Siakago. Bintiye hana ubaya wowote. Anampenda babake na hutuma pesa bila kuchelewa. Ila pesa zake hufika wakati moto umekwisha kuwaka.

Angeweza kufanya hivi. Badala ya kutuma pesa za chupa nne za dawa ya kikohozi kwa mwaka, ampeleke babake hospitalini mara moja akapimwe vizuri siku ambayo hana homa, ili ijulikane hali yake ya kawaida. Anunue jiko la gesi. Akienda nyumbani Disemba, aketi na babake asubuhi wafanye zoezi la pumzi pamoja, na amfundishe mjukuu anayeishi pale alisimamie. Anapopiga simu, asiulize tu, "Baba, habari ya kifua?" kwani mzee atajibu, "Ni nzuri." Aulize, "Makohozi ya leo ni ya rangi gani? Umefika sokoni bila kupumzika?" Hapo atapata jibu la kweli, na atalipata siku tatu kabla ya mzee kulala kitandani.

Siku tatu hizo ni nyingi. Ndani yake mgonjwa anaweza kufika hospitali kwa miguu yake, makohozi yakapimwa, dawa ikaanza, na pafu likaokoka kovu jingine.

Basi, msomaji, usingoje simu ya usiku. Piga wewe leo jioni, na swali lako la kwanza liwe kuhusu rangi ya makohozi.